Dakika Ishirini na Nane

Kilomita mia moja na kumi na nane,
akasema Kapteni Ogutu bila kuangalia popote,
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.
Kakamega hadi Mfangano. Dakika ishirini na nane,
thelathini na kitu upepo wa ziwa ukiwa na kisirani.

Nilikuwa nimeshika fyekeo, jasho likinitiririka kisogoni.
Miaka kumi na mmoja nakata nyasi za kiwanja hiki,
nafukuza ng'ombe wa akina Shimuli
wasilale pale ndege inapotua,
nashona soksi ya upepo inapochanika,
na sikuwahi kuuliza njia hii inaelekea wapi.
Niliujua urefu wake tu:
hatua elfu moja mia tatu na arobaini,
kutoka jiwe jeupe hadi jiwe jeupe.

Ishirini na nane.
Kunoa fyekeo peke yake hula kumi na tano.
Mchungaji wetu, katika dakika hizo,
hajamaliza hata kusalimia wageni.

Lakini binti yangu Khasoa, muuguzi huko Sena,
akija nyumbani huondoka gizani:
mashua mpaka Mbita, feri mpaka Luanda Kotieno,
Bondo, Kisumu, kisha vilima vya Maragoli,
na anapobisha hodi kuku wameshalala,
miguu yake imevimba,
mtoto mgongoni amelegea kama kifurushi kilicholowa.
Huja mara moja kwa mwaka. Mwaka jana hakuja.
Ameolewa mbali, husema majirani,
nami huitikia: mbali.
Neno lenyewe halina kilomita.

Siku hiyo Ogutu alikuwa anapeleka chanjo,
maboksi manne yenye barafu.
Kuna nafasi? nikamuuliza.
Ya kilo mbili, mzee. Si ya ng'ombe.

Nikakimbia. Umri huu, nikakimbia.
Nyumba yangu iko nyuma tu ya ua wa seng'enge
na sufuria ilikuwa jikoni, inatokota.
Mahindi mabichi manne, nikayafunga kwa jani la mgomba,
juu yake gazeti, juu yake sweta yangu ya kijani.
Mke wangu akauliza kama nimerukwa na akili.
Ogutu akayapima: kilo moja na robo.

Ndege ikaruka.
Nikaketi juu ya jiwe jeupe,
saa ya simu mkononi,
bila kukata hata unyasi mmoja.
Dakika ya nane, nikasema, Maseno.
Ya kumi na sita, Bondo.
Baada ya hapo sikujua nimpitishe wapi,
maana ziwa nimeliona mara mbili tu
na mara zote mbili nilikuwa na haraka.

Dakika ya arobaini na tatu, simu ikalia.
Khasoa hakusalimu. Alikuwa anatafuna.
Baba, akasema. Yana moto.
Nikanyamaza.
Yana moto, Baba, nimeungua ulimi.
Nyuma yake mjukuu alikuwa analia,
anataka lake, sasa hivi,
kwa sauti ya mtu anayeishi nyumba ya pili.

Jioni, mlinzi alipokwenda kununua sigara,
nikavua gambuti nikapanda mizani ya mizigo.
Mshale ukayumba, ukatulia.
Sitini na tatu.
Nauli siijui, wala sikuuliza.
Nilipiga hesabu kwa kijiti mchangani:
vifurushi hamsini vya mahindi, na chembe kidogo.
Nikaifuta kwa kisigino kabla mlinzi hajarudi.

Soksi ya upepo ilikuwa imejaa,
imenyooka kusini-magharibi.
Upande ule nyasi zimeanza kurefuka.
Kesho nitaanzia huko.